Mto Rwizi: sheria ya maji inamhusu vipi mwenye lori, duka na ghala

MBARARA – Lori linalorudi kutoka Nakivale na magunia ya mahindi huingia Mbarara likiwa limejaa tope. Kwa madereva wengi, kituo cha kwanza si ghalani bali mtoni. Kwa miaka mingi kingo za mto Rwizi zimekuwa mahali pa kuoshea magari. Maji ni ya bure, vijana wenye ndoo wapo, na kazi huisha upesi. Tope, sabuni, grisi na oili inayodondoka chini ya injini huondoka na maji.

Wengi hudhani habari imeishia hapo. Mto huo huo ndio chanzo cha siku nyingi cha maji ya bomba ya Mbarara, yanayosafishwa katika mtambo wa Ruharo. Ukishavuka mji, mto unaelekea mashariki na kulisha mfumo wa mabwawa na maziwa ya Mburo na Nakivale. Kwa hiyo lori lililotoka Nakivale linaosha tope lake katika maji yanayoteremka kuelekea upande ule ule lilikotoka.

Wafanyabiashara wengi wanaopita Mbarara kwenda Katuna, Mirama Hills, Mutukula au Kikagati huzijua vyema sheria za forodha na za mizani. Sheria za maji huzijua siku wanaposimamishwa. Makala haya yanaeleza Uganda inalindaje maji yake dhidi ya uchafu wa mashamba na wa miji, sheria hizo zinamgusa vipi mwenye lori, duka au ghala, na kwa nini kuzifuata ni nafuu kuliko inavyodhaniwa.

Maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi

Rwizi unaanzia katika milima ya Buhweju, unapita Sheema, unaingia Mbarara, kisha unaendelea kwenye ardhi oevu ya Mburo na Nakivale. Mwaka 2006 eneo hilo lenye hekta 26,834 liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye umuhimu wa pekee. Kutoka huko maji huteremka kuelekea Ziwa Victoria, ambako mto Kagera nao huingia.

Kagera unakusanya maji ya Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda, na ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwa hilo. Kinachomwagwa Mbarara kinaweza kuvuka mpaka bila pasipoti wala karatasi ya forodha.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo yana wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Kwa mfanyabiashara hilo ni soko kubwa la unga, sukari, vitenge, simu na vifaa vya ujenzi, na pia ni chanzo cha mahindi na maharage.

Soko hilo linaishi kwa maji. Kiwango kinachotumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Zidisha kwa watu 200,000: ni lita milioni nne kila siku, au jerikani 200,000 za lita ishirini. Ziwa Nakivale ndicho chanzo kikuu cha kazi hiyo. Ziwa hilo likijaa tope na uchafu, hakuna lori litakaloweza kubeba mbadala wake.

Sheria ina nguzo tatu

Msingi ni Katiba ya mwaka 1995, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwaka huo huo zilitungwa Sheria ya Maji na Sheria ya Mazingira. Sheria ya Mazingira iliandikwa upya mwaka 2019 na adhabu zake zikaongezwa sana. Ukizisoma pamoja na kanuni zake, utaona mambo matatu yanajirudia: umbali, kibali na bonde la mto.

Nguzo ya kwanza ni umbali. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa ziliweka ukanda usioguswa. Kwa mito mikubwa iliyotajwa, ukiwemo Rwizi, ukanda huo ni mita 100 kutoka kwenye ukingo. Kwa mito mingine ni mita 30. Kwa maziwa makubwa ni mita 200, na kwa mengine mita 100. Ndani ya ukanda huo hairuhusiwi kulima, kujenga, kufyatua matofali au kuweka biashara bila idhini. Majani na matete yanayoota hapo hufanya kazi ya chujio: yanashika udongo, mbolea na dawa kabla havijafika majini.

Nguzo ya pili ni kibali. Kanuni za mwaka 1998 zinamtaka anayemwaga maji machafu ya kiwanda au biashara kupata kibali kutoka Kurugenzi ya Rasilimali za Maji katika Wizara ya Maji na Mazingira, na kulipa ada. Maji hayo lazima yatimize viwango. Kwa mfano, kanuni za 1999 zilisema oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu uliomo isizidi miligramu 50 kwa lita. Kanuni mpya za viwango zilitolewa mwaka 2020. Kuchota nako kuna kibali chake. Anayevuta maji kwa pampu ya injini, au anayechukua zaidi ya mita za ujazo 400 kwa siku, anatakiwa kuwa nacho. Mwenye gari la tangi anayejaza maji mtoni kwa pampu na kwenda kuuza anaingia hapa, hata kama tangi lake ni dogo.

Nguzo ya tatu ni bonde la mto. Serikali iligawa nchi katika kanda nne za maji: Victoria, Albert, Kyoga na Nile ya Juu. Ofisi ya kanda ya Victoria iko Mbarara. Chini yake kuna kamati ya bonde la Rwizi inayokutanisha wilaya, watumiaji wakubwa wa maji na wananchi. Mto hauujui mpaka wa wilaya. Mbarara ikisafisha kingo zake huku Buhweju na Sheema wakilima hadi majini, tope litafika Ruharo vile vile.

Kwa wakimbizi serikali ilitoa mpango maalumu wa maji na mazingira mwaka 2019. Moja ya shabaha zake ni kuhamisha huduma ya maji ya makazi kutoka mikononi mwa mashirika ya misaada kwenda kwa mashirika ya maji ya umma, yanayotoza bei na kuwahudumia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Kwa mfanyabiashara wa Nakivale mabadiliko hayo yana maana moja: maji yanakuwa gharama ya biashara kama umeme na kodi ya chumba.

Mwenye bomba na asiye na bomba

Hapa ndipo penye ugumu wa sera nzima. Uchafuzi wa maji uko wa aina mbili. Wa kwanza una bomba: kiwanda cha maziwa, machinjio, hoteli. Mkaguzi anajua pa kusimama, anajaza chupa, anapeleka maabara, na jina la mwenye bomba liko kwenye faili. Kibali na viwango vilitungwa kwa ajili ya mtu huyo.

Wa pili hauna bomba. Ni shamba la migomba lililo kwenye mteremko wa Isingiro, ambalo mvua ya saa moja inalipunguzia udongo. Ni mfugaji anayenyunyizia ng'ombe dawa ya kupe karibu na kisima cha kunyweshea. Ni muuza mboga aliyetia mbolea jana na mvua ikanyesha leo. Ni choo cha shimo kilichojaa bondeni. Ni lori letu lile, pamoja na mengine yote yaliyooshwa siku hiyo. Kila mmoja anamwaga kidogo, na hakuna anayejiona kuwa mchafuzi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme magari 50 yanaoshwa mtoni kwa siku, na kila moja linatumia lita 300. Ni lita 15,000 za maji yenye sabuni na mafuta kila siku, zaidi ya milioni tano kwa mwaka. Kiwanda chenye bomba la kutoa maji kiasi hicho kingetakiwa kibali. Magari hamsini hayana kibali hata kimoja, kwa sababu kila moja ni dogo mno kufuatiliwa.

Tatizo hili si la Uganda peke yake. Marekani ilitunga sheria kali ya maji safi mwaka 1972, ikadhibiti mabomba ya viwanda na ya miji kwa mafanikio makubwa. Maji yanayotiririka kutoka mashambani yaliachwa kwa kiasi kikubwa nje ya vibali. Mwezi Agosti 2014, katika mji wa Toledo ulio kando ya Ziwa Erie, watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Mwani wenye sumu ulikuwa umestawi ziwani kwa kulishwa na fosforasi, nyingi ikitoka kwenye mashamba.

Kwa asiye na bomba, nguzo inayofaa zaidi ni ile ya kwanza, yaani umbali. Hahitaji maabara. Anachohitaji ni kuhamisha kazi yake mita mia moja kutoka majini.

Nani analipa?

Wachumi huita jambo hili gharama inayomwangukia mtu mwingine. Anayeosha lori mtoni halipi gharama yote ya kuosha. Anabaki na faida, na sehemu ya gharama anaisukuma chini na maji. Haipotei huko, inamfikia mtu.

Kwanza inafika kwenye mtambo wa maji. Maji yakiwa na tope zaidi, yanahitaji dawa zaidi ya kuyatuliza, umeme zaidi na kusafisha chujio mara kwa mara. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, uchafu ule ule unakaa katika maji machache. Mto ukishindwa kutosheleza mji, inabidi kutafuta maji mbali. Ndivyo ilivyo katika mradi wa Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka (NWSC), unaogharamiwa kwa mkopo wa shirika la maendeleo la Ufaransa, wa kupeleka maji ya Kagera Isingiro na Mbarara. Ni mradi wa maana, lakini bomba refu na pampu kubwa hulipiwa na mtu, ama kupitia bili ama kupitia kodi. Na maji hayo yanatoka Kagera, mto ambao nao unahitaji kulindwa.

Kisha inafika kwa mnunuzi wa jerikani. Tuseme mama mwenye hoteli ya chakula Nakivale anatumia jerikani kumi kwa siku, na bei ikapanda shilingi 100 kwa jerikani. Ni shilingi 1,000 kwa siku, shilingi 365,000 kwa mwaka. Atazirudisha kwenye bei ya sahani ya wali. Na anayekula wali huo ni dereva.

Sasa linganisha na gharama ya kufuata sheria. Tuseme kuosha lori kwenye uwanja halali, wenye sakafu ya saruji na shimo la kutega mafuta, kunazidi bei ya mtoni kwa shilingi 10,000. Lori limebeba magunia 100 ya kilo 100. Nyongeza ni shilingi 100 kwa gunia, au shilingi moja kwa kilo. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja anaweza kuweka zake. Lakini ni vigumu kupata biashara ya nafaka inayovunjwa na shilingi moja kwa kilo.

Ziwa Victoria lilishatupa funzo

Kuna wanaosema mazingira ni mambo ya wazungu na semina. Wafanyabiashara wa Ziwa Victoria wanajua vinginevyo.

Gugu maji liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa kupitia Kagera. Lilikuta maji yenye rutuba nyingi, naitrojeni na fosforasi za kutoka mashambani na mijini, likastawi. Katika miaka ya 1990 lilifunga ghuba na bandari. Huko Port Bell, Kisumu na Mwanza meli na mitumbwi zilitaabika kupita, na mizigo ikachelewa. Wasafirishaji walilipa gharama ya mbolea ambayo hawakuiuza wala kuitumia.

Mwaka 1999 likaja la samaki. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wanatumia dawa za kuua wadudu kuvulia. Waliotumia sumu walikuwa wachache. Waliofungiwa soko walikuwa wote: viwanda vya minofu, wenye malori ya barafu, wavuvi waaminifu. Sifa ya maji ikiharibika, sifa ya bidhaa inaharibika nayo, na mnunuzi wa mbali hatenganishi mwema na mwovu.

Baada ya hapo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mwaka 2003 itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la Ziwa Victoria. Ndani yake mna kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, inasimamia itifaki hiyo. Rwizi, Nakivale na Kagera zimo ndani ya bonde hilo.

Mambo ya kuzingatia njiani na dukani

Kwa mwenye lori: usioshe gari mtoni, ziwani au ndani ya ukanda wa ulinzi. Tafuta uwanja wenye sakafu na mtego wa mafuta, na uombe risiti. Oili chakavu ni taka hatari. Usiimwage mtaroni wala usiiuze kwa mtu wa kupaka mbao asiyejulikana. Ipelekwe kwa mkusanyaji mwenye leseni. Ukibeba taka kwa malipo, yakiwemo maji ya vyoo yanayonyonywa kwa gari la tangi, unahitaji leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Mazingira (NEMA), na mzigo umwagwe mahali palipoidhinishwa.

Kwa muuza pembejeo: dawa na mbolea ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006. Bidhaa lazima iwe imesajiliwa. Dawa iliyovuka mpaka kimya kimya, isiyo na lebo inayosomeka, ni hatari mara mbili: inaweza kukamatwa, na mteja asiyejua kipimo atatumia nyingi kupita kiasi. Mwambie mteja asioshe pampu yake ya kunyunyizia kwenye kisima. Maneno hayo hayana gharama.

Kwa mnunuzi wa mazao na maziwa: wewe una nguvu ambayo mkaguzi hana, kwa sababu mkulima anakusikiliza. Ghala au kituo cha kukusanyia maziwa kisijengwe bondeni kwa sababu kiwanja ni rahisi. Urahisi huo unaweza kwenda na tingatinga siku ya kubomoa, na benki haitapokea hati ya kiwanja kilicho ndani ya ardhi oevu kama dhamana ya kuaminika.

Kwa wote wanaovuka mpaka: mifuko ya plastiki inaishia kwenye mitaro, kisha mtoni. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Uganda inazuia kaveera nyembamba chini ya maikroni 30. Bidhaa iliyofungwa kihalali Mbarara inaweza kukwama Katuna. Angalia kifungashio kabla ya kupakia.

Kasoro zilizopo

Haitakuwa haki kumtwisha dereva mzigo wote. Kuna mahali ambapo sera inasema usifanye hapa bila kusema ufanye wapi. Ukimfukuza kijana wa ndoo mtoni bila kuwepo uwanja wa kuoshea magari, atarudi jioni. Ukimwambia mkimbizi asilime ukingoni mwa ziwa, kumbuka kwamba ardhi aliyopewa si yake, eneo limekuwa likipungua kadiri watu wanavyoongezeka, na mgao wa chakula umekatwa mara kadhaa. Mwenye njaa hapimi mita 200 kwa kamba.

Aidha, ukaguzi huwa rahisi kwa mdogo aliye karibu na barabara kuliko kwa mkubwa mwenye wakili. Sheria inayoonekana kuchagua watu hupoteza heshima, na bila heshima kila mita ya ukingo itahitaji askari wake.

Dawa yake iko wazi kiuchumi. Mahali halali pawepo na bei yake iwe karibu na ya mahali haramu. Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, inakusanya ushuru wa masoko na wa maegesho kutoka kwa wafanyabiashara na wasafirishaji hao hao. Vyama vyao vina haki ya kuuliza ni uwanja gani wa kuoshea magari, ni kituo gani cha kupokea oili chakavu, na ni dampo gani la maji taka vimejengwa kwa ushuru huo. Mahali pa kuuliza ni jiji lenyewe na kamati ya bonde la Rwizi. Watumiaji wakubwa wa maji hukaa katika kamati hiyo. Wenye malori nao ni watumiaji.

Wakati majibu yanasubiriwa, lori la mahindi litarudi tena kutoka Nakivale na tope lake. Dereva ataamua akunje kushoto kuelekea mtoni au aendelee mbele hadi kwenye uwanja. Tofauti ni shilingi moja kwa kilo, na maji atakayoyakuta Nakivale safari ijayo.